Ngozi ya Bastola

Kwenye ghorofa ya kumi na nne ya jengo moja la Etobicoke anaishi bwana mmoja ambaye hagusi mali yake mwenyewe mpaka avae glavu nyeupe za pamba. Jina lake Mohamedali. Ana miaka sabini na tatu, kazaliwa Tanga, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kampuni ya bima hapa Toronto. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu walioharibikiwa na vitu vyao ni nani hasa aliyeviharibu na ilikuwaje. Amestaafu siku nyingi, lakini kuuliza hajaacha. Ukivunja kikombe nyumbani kwake, kwanza utatoa maelezo, chai utakunywa baadaye.

Mali yenyewe ni bastola sita. Usishtuke, mkewe Shahida alikwisha kushtuka kwa niaba yetu sote. Ni bastola za fataki, za karne ya kumi na tisa, za kabla ya risasi hizi za siku hizi. Mwenye nayo alikuwa akitia baruti kwa mkono kwenye kila tundu la silinda, akashindilia kigololi cha risasi, kisha nyuma ya kila tundu akabandika fataki ndogo ya shaba, na adui yake, kama alikuwa mstaarabu, alimsubiri amalize. Sheria ya Kanada inazihesabu katika vitu vya kale. Mohamedali anazihesabu katika watoto wake. Hajapiga hata moja, maana hapendi kelele. Siku ya taifa, watu wanaporusha mafataki ya rangi kule ziwani, yeye hufunga mlango wa roshani na kuongeza sauti ya televisheni.

Zilianza kuingia nyumbani mwaka 1989. Shahida aliona tangazo gazetini: mkulima fulani amefariki, vyombo vyake vinauzwa, na miongoni mwa vyombo hivyo kuna cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ya aina ile ile aliyokuwa nayo mama yake Unguja. Akampa mumewe anwani na ramani. Mohamedali akaendesha gari saa mbili, akafika, akaiona cherehani, nzima, na kanyagio lake. Ila juu ya cherehani palikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku mlikuwa na bastola. Jioni alirudi na kisanduku. Mpaka leo wageni wakiuliza habari za kabati lile la kioo lenye kufuli mbili, Shahida huwajibu, "Nilimtuma cherehani, akaniletea vita."

Huwajibu kwa Kiswahili. Katika nyumba ile Kikachi, lugha waliyokuja nayo mababu zao kutoka India, ni cha wazee na dua, na Kiingereza ni cha binti yao Ruqayyah, aliyeolewa Brampton, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. Lakini kutaniana na kugombana ni kwa Kiswahili tu, mke na chake cha Unguja, mume na chake cha Tanga, na kila mmoja anaamini cha mwenzake kina kasoro.

Ukitaka kumfurahisha Mohamedali, muulize habari za ngozi. Ukiwa na safari, usimuulize. Chuma kilichokaa miaka mia na sabini, atakuambia, huota rangi ya kahawia iliyoiva, hapa nyeusi kidogo, pale nyekundu kidogo, na hiyo rangi wasiojua wanaiita uchafu. Yeye anaiita ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hakuna fundi mjanja aliyepitisha tupa pale. Ikitoka, imetoka. Bastola iliyochunwa ngozi, mbele ya wanaojua, ni kipande cha chuma tu, hata kama iliwahi kuning'inia kiunoni kwa sultani. Ndiyo maana ya zile glavu. Jasho la kidole lina chumvi, anasema, na chafya ni mbaya zaidi, na hapo Shahida huinuka kwenda kutazama kama wali umeiva, hata siku ambayo hakuna wali jikoni.

Somo hilo lilimfika vibaya rafiki yake Lester. Huyu ni Mgoa wa Nairobi, alifanya kazi posta huko na huku, na ndiye mtu pekee katika chama chao cha wakusanyaji wa silaha za kale ambaye Mohamedali anaweza kusengenya naye kwa Kiswahili wazungu wakiwa wamekaa hapo hapo. Mwaka 2016 Lester alinunua Remingtoni nzuri, akaifurahia, akachukua kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma akaifuta mpaka akauona uso wake humo. Akaileta kwenye mkutano. Mohamedali aliitazama, akavua miwani, akasema mbele ya wanachama wote kwamba bwana huyu amechuna ngozi ya maiti. Watu wakacheka. Lester hakumsalimu mwaka mzima na miezi minne. Walipatana mazikoni kwa mwanachama mwenzao, kwa sababu walijikuta wamebeba jeneza upande mmoja, lakini Lester hakusahau, na Mohamedali alijua kwamba hakusahau.

Kati ya zile sita, kipenzi chake ilikuwa Kolti ya mwaka 1855. Namba zake zote zilifanana, kuanzia mtutu mpaka skrubu ya mwisho. Kwenye silinda palichorwa merikebu zikipigana, na ukiishika kwenye mwanga wa dirisha ungeziona mpaka kamba za matanga. Kile kiduara cha shaba kinachokilinda kifyatulio, kiwandani kilipakwa fedha, na fedha hiyo yote ilikuwa imekwisha kulika isipokuwa kipande kimoja chini yake, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mohamedali alikuwa akikionyesha kipande hicho kwa watu waliokuja kutengeneza mabomba.

Chama hufanya maonyesho kila mwezi wa sita, katika mji mdogo kaskazini mwa Toronto, ndani ya uwanja wa magongo ambao wakati wa joto huyeyushwa barafu. Kwa miaka kumi na miwili Mohamedali alipewa meza ile ile karibu na choo. Watu walisimama mezani pake, ndiyo, lakini walikuwa kwenye foleni. Mwaka huu akaletewa barua. Kolti yake imekubaliwa kushindana katika kundi la silaha zilizobaki na ngozi yake ya asili. Meza yake itakuwa ya mbele, mlangoni. Mshindi atapewa utepe wa buluu na picha yake itatundikwa kwenye ukumbi wa chama. Na wake za wanachama wanaalikwa.

Aliisoma barua ile mara nne, ya mwisho kwa sauti.

"Wanakuja kuitazama bastola, au wanakuja kukutazama weye?" Shahida aliuliza.

"Vyote viwili."

"Basi na mie n'takuja," alisema. "Miaka thelathini na sita nalala nyumba moja na hivyo vitu. Siku ya kupewa hukumu nisiwepo?"

Mohamedali alifurahi kupita kiasi, akaogopa kuonyesha, akamwambia asisahau sweta, kwamba uwanja ule una baridi hata bila barafu. Ukweli ni kwamba utepe alikuwa akiutaka sana. Miaka yote ile ya bima hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa kumkatalia mtu madai yake. Alitaka siku moja tu watu wanaojua waseme kwamba Mohamedali wa Tanga anajua.

Sasa lazima nikuambie habari za mikono ya Shahida, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kila mwaka, Muharram ikikaribia, wanawake wa jumuiya yao ya Kishia hukusanyika imambara, ukumbi wao wa ibada, kusafisha alamu, zile nembo za shaba zinazobebwa kwenye maombolezo, vinara na vyombo vyote vya shaba. Ni kazi ya thawabu na haipewi kila mtu. Mkuu wa kazi hiyo, kwa miaka ishirini sasa, ni Shahida. Hatumii dawa za dukani. Anatumia ukwaju, ule wa matofali kutoka duka moja la Scarborough. Majivu anayochukua Brampton, kwenye jiko la mkaa la mkwewe, na kuyahifadhi kwenye kopo la mtindi. Na kumbi la nazi ambalo kila anayekwenda Unguja huagizwa amletee. Chombo kiwe cheusi namna gani, kikipita mikononi mwake hutakitambua tena ila kwa mlio. Wasichana wadogo wanasimamishwa karibu naye ili wajifunze. Na kuna jambo ambalo kwao halina mjadala: chombo kichafu kikionekana mbele za watu, lawama haimwendei mwenye chombo, inamwendea mwanamke wa nyumba ile.

Jumamosi, siku moja kabla ya maonyesho, Mohamedali aliitoa Kolti kabatini ili ainakili namba kwenye kadi. Aliilaza kwenye taulo juu ya meza ya chakula. Wino wa printa ukamwishia. Akashuka kwenda kuchapa kadi maktaba, na katika maisha yake yote ya kufunga kufuli mbili, siku hiyo hakufunga hata moja.

Shahida akarudi kutoka imambara. Muharram ilikuwa imebaki wiki mbili na nusu. Ukwaju ulikuwa bado umo kwenye bakuli, kumbi liko mkobani, mikono imekwisha kupata moto wa kazi. Akaiona Kolti juu ya taulo. Akaiinua. Akaona ile rangi ya kahawia, hapa nyeusi kidogo, pale nyekundu kidogo, na kile kishaba kimefubaa kwa aibu.

Mohamedali aliporudi na kadi yake alikuta taulo limefunikwa kwa kitambaa cha mezani, kile cha sikukuu, chenye lasi.

"Fumba macho," alisema Shahida.

Alifumba. Aliyafumbua. Mbele yake palikuwa na bastola nyeupe kama kijiko. Mtutu ulikuwa unarudisha taa ya dari. Kile kiduara kilikuwa cha manjano kitupu, kimezungukwa na mwanga, na kipande cha fedha hakikuwepo tena duniani. Merikebu kwenye silinda zilikuwa zimepungua mpaka kubaki ukungu wa matanga mawili au matatu. Harufu ya ukwaju ilijaa nyumba nzima, harufu nzuri, ya kudondosha mate.

Alimtazama mkewe. Shahida alikuwa amesimama na vidole vimekunjamana kwa maji na kukwaruzika kwa majivu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Mohamedali hakumbuki kuiona tangu harusi ya Ruqayyah. Hajawahi kuigusa bastola yake yoyote, hata kuipangusa vumbi. Leo ameigusa, na ameifanyia kile anachokifanyia alamu.

"Imeng'aa," alisema Mohamedali.

"Imeng'aa tu?"

"Imeng'aa sana, Shahida. Sijapata kuona."

"Saa mbili na nusu," alisema yeye. "Hasa ule mtutu, haukutaka. Nikauambia, kesho unakwenda kwa watu, utataka."

Mohamedali akaenda bafuni, akafungua bomba la maji, akalia. Hakulia kidogo. Alikaa ukingoni mwa beseni na glavu zake mfukoni akalia kama aliyefiwa, na katikati ya kilio akajua mambo mawili. La kwanza, utepe umekwenda. La pili, Shahida asijue kamwe. Kuiacha Kolti nyumbani hakuwezekani, maana angemwambia nini? Ataibeba, ataiweka mezani, watu waseme watakayosema, na yeye atajua la kuwajibu. Alinawa uso. Alipotoka aliuliza kama chai ipo.

Jumapili walifika saa tatu asubuhi. Shahida alivaa hijabu ya buluu, akasema ni kwa ajili ya utepe. Alileta sinia la kababu kwa ajili ya meza ya chai, kwa kuwa hajui kuingia ukumbi wa watu mikono mitupu, na mara moja akaenda mwisho wa uwanja kusaidiana na wake wengine kupanga vikombe. Mohamedali alimshukuru Mungu kwa hizo kababu. Akafungua kisanduku, akaiweka Kolti juu ya kitambaa cheusi, akasimamisha kadi mbele yake. Kadi ilisema: ngozi ya asili.

Wa kwanza kufika alikuwa Lester, na hilo alilitarajia.

"Mzee, hii ni nini?" Lester aliuliza.

"Kolti."

"Najua ni Kolti. Ngozi iko wapi?"

"Nimeisafisha."

"Nani? Wewe?"

"Mimi."

Alimtazama rafiki yake, akaitazama bastola, akainama akainusa. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki hapotezi harufu ya ukwaju. Akainua kichwa, akatupa macho mbali kule kwenye meza ya chai, kisha akamtazama tena Mohamedali, na kwa muda mrefu uso wake ulikuwa na kazi nyingi. Miaka tisa alikuwa ameisubiri siku hii, na sasa imefika ikiwa imekaa vibaya.

"Sawa," alisema mwishoni. "Kama ni wewe, ni wewe."

Mwamuzi akaja, mzee mrefu, mkulima wa mahindi aliyestaafu, na lenzi yake shingoni na kofia yake ya kitambaa. Nyuma yake wanachama kumi na tano hivi, kwa sababu hii ilikuwa meza ya mbele. Mwamuzi aliinama. Akainuka. Akasoma kadi, akaitazama bastola tena, kama mtu anayedhani amekosea nyumba.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Kwa miaka thelathini na moja Mohamedali ndiye aliyeuliza swali hilo, na aliwatambua waongo kwa kile kituo kidogo kabla ya jibu. Yeye hakuweka kituo.

"Mimi. Nilitaka ipendeze. Nilijisahau."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema, ndiye huyu bwana wa glavu? Wakacheka zaidi. Mohamedali alisimama wima na mikono nyuma, masikio yakimwaka moto, na akajikuta akifikiri kwamba Lester mwaka ule alijisikia hivi hivi, na kwamba hajamwomba radhi hata siku moja. Mwamuzi alisema pole, kwamba haiwezi kubaki katika kundi hili, na akatoa kalamu.

"Si yeye," ilisema sauti.

Alikuwa Shahida. Alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai, akapita kati ya wazee wale wakampisha, akaviweka mezani pande mbili za Kolti.

"Nimeisafisha mimi," aliwaambia kwa Kiingereza, sauti yake ikasikika vizuri, maana alifanya kazi benki miaka ishirini na mbili. "Kwa ukwaju, majivu na kumbi la nazi. Yeye hakuwepo nyumbani. Huyu hajui kusafisha hata sufuria, muulizeni."

Mohamedali alifumba macho. Masikini, kaja kuchukua sifa zake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwonea mtu huruma namna ile, wala kumpenda namna ile, na kilichomtisha sasa ni jambo moja tu: mmoja wao akifungua mdomo, mmoja tu, akimwambia mama huyu alichokifanya. Aliwatazama. Alimtazama hasa Lester.

Mwamuzi alivua kofia yake. "Mama," alisema, "miaka arobaini nashika hizi silaha. Sijawahi kuona mtu akafikisha hapo."

Haukuwa uongo. Shahida aliitikia kwa kichwa.

Lester alikohoa. Kisasi chake kilikuwa kimeiva, kiko mdomoni, kilihitaji maneno matatu tu. "Shemeji," alisema kwa Kiswahili, "ukipata nafasi, hata yangu iko nyumbani imekaa tu. Unaeza nisafishia?"

"Lete," alisema Shahida.

Waliondoka saa tisa. Utepe alipewa mtu wa Hamilton. Mohamedali alipeana mkono na Lester kwenye maegesho, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, akamwambia kwamba lile neno la mwaka 2016 lilikuwa baya na limemkaa rohoni. Lester alisema hakumbuki neno lolote, huyo mwongo.

Barabara kuu ilikuwa na magari mengi. Shahida alivua viatu, akakunja miguu, akawa anatazama nje.

"Lester kaniomba ya kwake," alisema.

"Nimesikia."

"Nitaifanya. Lakini si vizuri kuanza na ya mtu wa nje. Kwanza nitamaliza za nyumbani. Zimebaki tano, sivyo? Kesho nitampigia Ruqayyah aniwekee majivu."

Mohamedali aliendesha. Alizifikiria zile tano, moja moja, zikiwa zimelala kabatini na ngozi zao, hazijui lolote. Alisema moyoni kwamba atabadilisha kufuli. Kisha akasema atafanya nini, awe anamfungia mkewe kabati mpaka kufa, na kila mwezi amtungie uongo mpya? Au aseme, na ule uso wa jana aliouona kwenye meza ya chakula auvunje kwa mkono wake? Alipita njia yake ya kutokea bila kuiona.

"Shahida."

"Naam."

"Ile Kolti imeharibika."

"Imeharibiwa na nani?"

"Na ukwaju."

"Sikuuliza imeharibiwa na nini. Nimeuliza na nani."

"Na wewe," alisema. "Ile rangi ndiyo iliyokuwa thamani yake. Haikuwa uchafu. Sasa imetoka. Nisamehe, sikutaka ujue."

Shahida hakugeuka. "Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani tutafika Etobicoke bado umeifumbata hiyo siri."

"Ulikuwa unajua?"

"Baba Ruqayyah, nilikuwa nimesimama nyuma ya yule mrefu, chai zako mkononi. Nimemsikia alivyouliza. Nimewasikia wakicheka. Nimekusikia na weye ukijitia hatiani." Alishusha miguu sakafuni. "Ulidhani nimekuja kudai makofi?"

Ndivyo hasa alivyodhani, na aibu ya hilo ilimchoma kuliko vicheko vyote vya uwanjani.

"Nilikuja kusema kweli," alisema Shahida. "Kosa la mkono wangu, nikae pembeni nile kababu wakati mume wangu anaitwa mjinga? Na zile tano sizigusi, usitetemeke hivyo, utatuua na gari hili. Nilitaka kuona utanificha mpaka lini." Sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, na Mohamedali alisikia kwamba analia. "Nimeumia, lakini si kwa chuma. Miaka thelathini na sita unanieleza habari za bastola ambazo sijakuuliza. Skrubu, namba, sijui merikebu. Hili moja linalonihusu mie, ndilo ulilotaka kulala nalo peke yako."

Mohamedali aliunyoosha mkono akaushika wa Shahida, uliokwaruzika, bila glavu, na hakuachiliwa wala hakusukumwa.

Wakiwa wanakaribia jengo lao Shahida alijifuta uso kwa ncha ya ile hijabu ya buluu.

"Haya, niambie," alisema. "Hiyo ngozi inachukua miaka mingapi kuota tena?"

"Mia na sabini."

Alianza kuvaa viatu vyake.

"Basi tutangoja," alisema.